Alama nyekundu kwenye skrini ya daktari: kisa cha kliniki 15 za Nairobi

Mama ameitwa jina, ameingia na mtoto mgongoni. Kule nje muuguzi ameshapima joto, uzito na mapigo ya moyo, na namba hizo zimetangulia kwenye kompyuta ya daktari. Daktari anauliza, mama anajibu, vidole vinagonga herufi. Kikohozi siku tatu. Joto linapanda usiku. Chakula hataki. Daktari anamaliza kuandika historia, anahamisha kishale kwenda sehemu ya vipimo, na bila kubofya kitu chochote anaona alama imejitokeza kwenye skrini. Ikiwa ya kijani, aendelee na kazi. Ikiwa ya njano, lipo jambo la kufikiria, akipenda alisome. Ikiwa nyekundu, dirisha linamfungukia usoni na hapiti mpaka alitazame. Kwa mtoto huyu tuseme limeandikwa hivi: kasi ya kupumua haijarekodiwa, mtoto mwenye kikohozi na homa ahesabiwe pumzi kabla ya kuamua kama ni nimonia au mafua tu.

Mama na mtoto nimewabuni mimi ili hali ionekane. Alama tatu ni za kweli. Chombo hicho kinaitwa AI Consult, na kimetengenezwa na Penda Health, mtandao wa kliniki za huduma ya msingi Nairobi na Kiambu, kwa kutumia GPT-4o, modeli ya lugha (programu inayosoma na kuandika maandishi) ya kampuni ya OpenAI. Mwanzoni mwa 2025 kilijaribiwa katika kliniki 15 jijini Nairobi, kwenye ziara 39,849 za wagonjwa. Matokeo yalitolewa Julai 2025 kama rasimu ya awali. Nimeisoma rasimu hiyo zaidi ya mara moja, maana naona watu wengi wameipokea kwa sentensi moja tu, kwamba akili mnemba imepunguza makosa ya madaktari Kenya, kisha wakaenda zao. Ndani yake mna mambo mazito zaidi ya hiyo sentensi, na mengine hayampendezi anayeshangilia wala anayebeza.

Miaka hii habari kubwa za akili mnemba katika sayansi zimekuwa za maabara. Oktoba 2024 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilikwenda kwa David Baker, na kwa Demis Hassabis na John Jumper waliotengeneza AlphaFold, programu inayokisia umbo la protini. Kabla ya hapo, Novemba 2023, Google DeepMind, kampuni ya akina Hassabis, ilitangaza orodha ya fuwele milioni 2.2 zilizokisiwa na programu yao nyingine. Ni kazi kubwa. Lakini aliyekaa kwenye benchi la kliniki tangu saa moja asubuhi hajui protini imekunjwaje. Anataka aliye ndani ya kile chumba asikosee. Kisa cha Nairobi nakipenda kwa sababu kimetoka kwenye foleni.

Nani yuko ndani ya chumba

Tuanzie hapo, kwa kuwa mengine yote yanategemea hilo. Kwenye kliniki kama hizi, anayekuona mara nyingi si daktari mwenye shahada. Kenya anaitwa klinikal ofisa, Tanzania tunamwita tabibu. Amesoma stashahada ya miaka mitatu, akafanya mafunzo ya vitendo, na sasa anaona kila kinachoingia mlangoni: upele, presha, mimba, kidonda cha sukari, mtoto mwenye degedege, kijana mwenye huzuni asiyejua aielezeje. Bingwa wa moyo anashughulika na moyo. Tabibu anashughulika na mtu mzima mzima, kwa dakika chache, kisha anamwita anayefuata.

Binti yangu alipokuwa na miaka minne nilimpeleka kwenye zahanati moja ambayo sitaitaja. Alikuwa na kikohozi cha mafua. Hatukukaa hata dakika tano, tukatoka na chupa ya antibaiotiki ya unga, ile ya kuchanganya na maji yaliyochemshwa yakapoa. Hakuna aliyemfungua kifua kuhesabu pumzi. Alipona, kama watoto wengi wanavyopona mafua yao, dawa iwepo isiwepo. Tabibu yule sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Nje ya mlango wake kulikuwa na watu wasiopungua thelathini, na alikuwa peke yake. Kilichonibakia ni swali: angekuwapo mtu wa kumgusa bega na kumwambia "umehesabu pumzi?", si angehesabu?

AI Consult ni jaribio la kumweka huyo mtu wa kugusa bega.

Toleo lililoachwa

Penda hawakuanza na alama tatu. Walikuwa na toleo la kwanza ambalo tabibu mwenyewe alipaswa kuliita: akitaka ushauri, abofye, asubiri, asome. Tatizo lake anaweza kulikisia mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi yenye foleni. Anayejua kwamba hajui ndiye atakayeuliza. Aliyekosea akiwa na uhakika hana sababu ya kuuliza, na hapo ndipo kosa la hatari linapojificha. Tabibu anayeamini kabisa kwamba hii ni malaria habofyi kitu, anaandika dawa ya malaria.

Toleo jipya linakaa nyuma ya pazia. Tabibu anapomaliza sehemu moja ya faili na kwenda nyingine (dalili na historia, vipimo, utambuzi wa ugonjwa, matibabu), maandishi yanapelekwa kwenye modeli na jibu linarudi likiwa na rangi yake. Haandikiwi dawa na mashine. Haamuliwi. Akishaona alama nyekundu anaweza kuipuuza na kuendelea na lake, mradi ameiona. Modeli imepewa maelekezo yanayozingatia miongozo ya tiba ya Kenya na magonjwa yaliyopo kule, ili isije ikamshauri tabibu wa Nairobi kama vile yuko Boston.

Rangi hizo zilikuwa na kazi ngumu nyuma yake. Chombo kinachopiga kelele kwa kila jambo huzoeleka kama mlio wa boda boda dirishani, baada ya wiki husikii tena. Wahudumu wa afya duniani kote wanaijua hali hii. Mifumo ya hospitali imejaa maonyo ambayo watu wanayafunga bila kuyasoma. Kwa hiyo ilibidi kurekebisha kiwango, nyekundu ibaki kwa jambo zito tu. Ikiwa nyepesi mno inachosha, ikiwa nzito mno inampita mgonjwa. Hapa naona uangalifu mwingi kuliko kwenye vyombo vingi vilivyoletwa Afrika vikiwa tayari vimefungwa kwenye boksi.

Wiki ambazo hakuna kilichotokea

Matabibu waligawanywa kwa nasibu makundi mawili. Kundi moja liliona alama. Jingine halikuona kitu, ila chombo kiliendelea kufanya kazi kimyakimya nyuma ya faili zao, kikihesabu ni mara ngapi wangepata nyekundu. Ujanja huo ni mzuri, kwa kuwa unawezesha kulinganisha makundi yote mawili kwa kipimo kilekile. Kipimo chenyewe: ni ziara ngapi zinaishia na nyekundu, yaani jambo zito lilionywa na mgonjwa akaondoka bila kurekebishwa.

Wiki za mwanzo, kundi lenye alama na kundi lisilo na alama walikuwa karibu sawasawa. Ziara zilizoishia na nyekundu zilikuwa kati ya asilimia 35 na 40 kwa wote wawili. Soma tena hapo. Modeli ilikuwa ileile, skrini ileile, maonyo yaleyale. Mashine ilisema, watu wakaendelea na yao.

Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha kisa chote, nacho ndicho kinachoachwa kwenye vichwa vya habari. Wangefunga hesabu zao wakati huo, jibu lingekuwa kwamba akili mnemba haisaidii kitu kwenye huduma ya msingi. Na jibu hilo lingekuwa la uongo na la kweli kwa pamoja: la uongo kuhusu uwezo wa modeli, la kweli kuhusu kinachotokea ukiifunga modeli kwenye kompyuta na kuondoka.

Kilichofuata hakikuwa cha teknolojia. Walichagua vinara kutoka miongoni mwa matabibu wenyewe, wenzao wa zamu moja, wakae nao na kuwaonyesha chombo kinafanyaje kazi na kwa nini kina maana. Wakaanza kupima ni nani anaacha nyekundu nyingi na kumweleza mhusika. Wakawatambua hadharani waliokuwa wanafanya vizuri. Basi. Hakuna hata mstari mmoja wa programu kwenye mambo hayo matatu; ni kazi ya msimamizi yeyote mzuri wa wodi, wa darasa au wa karakana.

Baada ya hapo ziara zilizoishia na nyekundu kwa wenye alama zilishuka hadi kama asilimia 20. Kwa wasio na alama zilibaki karibu asilimia 40. Kisha likajitokeza jambo ambalo binafsi sikulitarajia: hata nyekundu za kwanza, zile zinazotokea kabla tabibu hajasahihisha lolote, zilipungua kwa kundi lenye alama, kutoka asilimia 45 hadi 35. Maana yake ni kwamba matabibu walianza kukumbuka wenyewe. Aliyekwisha kuonywa mara kumi kwamba hajahesabu pumzi, mara ya kumi na moja anazihesabu kabla ya kuonywa. Chombo kilianza kuwafundisha.

Yaliyopatikana

Hesabu ya nyekundu haitoshi, kwa sababu ni modeli inayojipima yenyewe. Hivyo ziara 5,666 zilichaguliwa kwa nasibu, na faili zake zikapewa madaktari 108, baadhi yao wakiwa Kenya, wazipitie na kutafuta makosa.

Kwa wenye chombo, makosa ya kuchukua historia yalipungua kwa asilimia 32, ya vipimo kwa asilimia 10, ya utambuzi wa ugonjwa kwa asilimia 16, na ya matibabu kwa asilimia 13. Asilimia hizi ni za kulinganisha kundi na kundi, na zikisomwa hivihivi zinapaa hewani. Njia nyingine ya kuzieleza ndiyo ninayoipenda: kwa kila ziara 18 hivi zenye chombo, kosa moja la utambuzi liliepukwa, kwa kila ziara 14 hivi, kosa moja la matibabu. Foleni ya asubuhi moja kwenye chumba kimoja inafika watu 18 bila shida. Penda wanaona wagonjwa wapatao 400,000 kwa mwaka, na kwa kadirio la watafiti wenyewe, chombo kikitumika kote kingeepusha makosa ya utambuzi yapatayo 22,000 na ya matibabu 29,000 kila mwaka.

Matabibu walipoulizwa, wote waliojibu walisema chombo kiliboresha kazi yao, na robo tatu walisema kiliiboresha sana. Na katika kupitia taarifa za usalama, watafiti hawakukuta tukio ambalo ushauri wa chombo wenyewe ulimdhuru mgonjwa.

Mimi ni mtu wa kufurahi mambo kama haya. Tumezoea kusoma kuhusu Afrika kama mahali ambapo teknolojia inachelewa kufika. Huu ni mmoja wa majaribio makubwa kabisa ya modeli ya lugha kwenye matibabu halisi, na umefanyika kwenye kliniki za mitaa ya Nairobi, na mawazo ya jinsi ya kukitumia chombo yametoka kwa watu wanaofanya kazi humo.

Faili si mgonjwa

Sasa tuutie utafiti kwenye mizani, kama unavyostahili.

Wale madaktari 108 hawakumwona mgonjwa hata mmoja. Walisoma faili. Faili ni maandishi ya tabibu, kwa Kiingereza, ya mazungumzo ambayo mara nyingi yalifanyika kwa Kiswahili au Sheng. Mgonjwa anasema "mwili wote unaniuma, nasikia kizunguzungu, na moyo unanienda mbio nikikumbuka ile habari ya nyumbani." Kinachoingia kwenye faili kinaweza kuwa maneno manne. Modeli inayaona hayo manne tu. Ile habari ya nyumbani haipo, na pengine ndiyo ugonjwa wenyewe.

Kwa hiyo makosa ya historia yanaposhuka kwa asilimia 32, kuna njia mbili za kuelewa. Ya kwanza, matabibu waliuliza maswali zaidi. Ya pili, matabibu waliandika zaidi kile walichokuwa wakiuliza siku zote bila kukiandika, kwa kuwa sasa kuna kitu kinachosoma nyuma yao. Watafiti wanaikiri hatari hiyo. Naamini ukweli uko katikati, na hata kuandika tu kuna faida yake, maana mgonjwa akirudi wiki ijayo akamkuta tabibu mwingine, faili lililoshiba litamsaidia. Lakini faili zuri na mgonjwa aliyepona ni vitu viwili.

Kisa kimoja cha maabara ya kemia kinanijia hapa. Mwishoni mwa 2023 maabara ya Berkeley, Marekani, ilitangaza kwamba roboti zake zikiongozwa na akili mnemba zimetengeneza vitu vipya 41 kati ya 58 vilivyolengwa, kwa siku 17 tu. Wanakemia wakiwemo Robert Palgrave wa London na Leslie Schoop wa Princeton wakakaa wakazipitia data upya, picha za miale ya X moja baada ya nyingine, na hitimisho lao lilikuwa kwamba hakuna hata kimoja kilichothibitika kuwa kipya. Wenye maabara walijitetea, na mjadala ukaendelea. Kilichowaangusha machoni pa wenzao ni kwamba usomaji wa matokeo nao ulikuwa umeachiwa programu. Nairobi hawakuanguka kwenye shimo hilo, waliweka macho ya watu. Ila walichokiweka mbele ya macho hayo ni maandishi ambayo chombo kimeshiriki kuyatengeneza.

Jambo la pili ni la mwenye mali. OpenAI ni mshirika wa utafiti na watu wake ni miongoni mwa waandishi. Sisemi wamepika namba; rasimu imeeleza hadi wiki zile ambazo hakuna kilichotokea, na anayetaka kudanganya angezificha. Lakini mwenye duka akisema mchele wake ni mzuri, ni haki ya mnunuzi kutaka kuupika kwanza. Ongeza na hili: kufikia siku matokeo yanatoka, OpenAI ilikwishatoa modeli mpya zaidi ya hiyo iliyopimwa. Tunapima kitu kinachobadilika tukiwa tunakipima, na hilo halitokei kwa dawa. Panadol uliyoijaribu ndiyo Panadol utakayoimeza.

La tatu linahusu kumbukumbu za mikono. Nimesema chombo kilianza kuwafundisha matabibu. Agosti 2025 ulitoka utafiti wa Poland, kwenye vituo vinne vinavyochunguza utumbo mpana kwa kamera, ambapo madaktari walikuwa wamezoea programu inayowaonyesha vivimbe vinavyoweza kugeuka saratani. Walipofanya uchunguzi bila hiyo programu, kiwango chao cha kukuta vivimbe kilikuwa asilimia 22.4, na kabla hawajaizoea kilikuwa 28.4. Jicho lililosaidiwa lilikuwa limelegea. Sasa huku Nairobi chombo kinaonekana kunoa, kule Poland kinaonekana kufubaza. Nadhani tofauti iko kwenye wakati wa kuonywa. Programu ya Poland inaonyesha huku daktari akiwa bado anatafuta. AI Consult inasubiri tabibu aandike lake kwanza ndipo iseme. Mwanafunzi anayefanya hesabu kisha akasahihishwa hujifunza kuliko anayepewa jibu akiwa ameshika kalamu hewani. Hii ni dhana yangu, na namna ya kuipima ipo: alama zifichwe kwa mwezi mmoja, kisha zihesabiwe tena nyekundu ambazo chombo kinazitoa kimyakimya.

Mbeya na Morogoro waliulizaje

Kuna utafiti mwingine ambao unapaswa kusimama kando ya huu kila mara, na ulifanyika kwetu. Unahusu ePOCT+, chombo cha kwenye tableti kilichojaribiwa kwenye vituo 40 vya afya ya msingi katika mikoa ya Mbeya na Morogoro, kwa ushirikiano wa taasisi za Tanzania, ikiwemo Taasisi ya Afya Ifakara, na wenzao wa Uswisi. Matokeo yalichapishwa 2024. Chombo hiki hakina modeli ya lugha. Ni mti wa maswali: mtoto ana homa? Ana kikohozi? Hesabu pumzi. Bana kifaa cha oksijeni kidoleni. Jibu hili linakupeleka tawi hili, jibu lile linakupeleka lile.

Vituo vya kawaida viliandika antibaiotiki kwenye asilimia 70.1 ya ziara za watoto wagonjwa. Vituo vyenye chombo, asilimia 23.2. Nilipoziona namba hizo kwa mara ya kwanza nilikumbuka ile chupa ya binti yangu. Saba kati ya kumi! Na watafiti hawakuishia kwenye maandishi: waliwafuatilia watoto, siku ya saba wakaangalia nani hajapona au amezidiwa. Ilikuwa asilimia 3.7 upande wa chombo na 3.8 upande wa pili. Yaani dawa zilipungua kwa kiasi hicho na watoto hawakudhurika.

Na huko nako chombo hakikupelekwa peke yake. Kiliambatana na walezi wa kikazi waliokuwa wakiwafuatilia wahudumu, na ubao wa takwimu uliokionyesha kila kituo kinavyofanya ukilinganisha na vingine. Nairobi na Mbeya, modeli ya kisasa kabisa na mti wa maswali wa kawaida kabisa, wote wameishia kuhitaji mtu wa kumfuata mwenzake na kumwambia "jana uliacha nyekundu tano, tatizo nini?"

Modeli ya lugha ina kitu ambacho mti hauna: inamudu mtu mzima na mtoto, upele na huzuni, bila kila tawi kuandikwa na mtu. Mti nao una kitu ambacho modeli haina: ukitaka kujua kwa nini umekuambia hivyo, unafuata tawi kwa kidole hadi kwenye shina. Mimi ningependa kuona vyote viwili kwenye kituo kimoja, mti kwa watoto wenye homa ambako miongozo ni wazi, modeli kwa yaliyobaki.

Wanaosubiri nje

Januari 2026 OpenAI na Wakfu wa Gates walitangaza mpango wa dola milioni 50 wa kupeleka zana za aina hii kwenye kliniki 1,000 za huduma ya msingi Afrika kufikia 2028, wakianzia Rwanda. Kliniki elfu moja. Nina hofu moja mahususi. Bajeti za miradi kama hii hupenda kununua vitu vinavyopigika picha: kompyuta, leseni, uzinduzi wenye utepe. Vinara wa zamu hawapigiki picha. Mshahara wa muuguzi mkuu anayepita Jumatatu hadi Jumatatu akikaa na kila tabibu nusu saa ni mstari wa bajeti unaokatwa wa kwanza. Tumeshaona namba za kliniki zenye chombo bila huyo mtu. Ni zile za wiki za mwanzo.

Ningekuwa mganga mkuu wa wilaya nikaletewa chombo hiki mezani, ningeuliza maswali ya kawaida. Umeme ukikatika au mtandao ukianguka saa nne asubuhi, tabibu anaendelea vipi? Maandishi ya wagonjwa wangu yanahifadhiwa wapi, na ni nani mwingine anayeyasoma? Modeli ikibadilishwa na mwenye nayo huko California, nani ataniambia, na nani ataipima upya kwa wagonjwa wa wilaya yangu? Vinara wangapi, kwa muda gani, wanalipwa na nani? Na mgonjwa akiuliza kile kinachowaka kwenye skrini ni nini, tumwambieje kwa lugha anayoielewa?

Kuna namba moja kwenye utafiti wa Penda ambayo nimeiacha hadi hapa. Baada ya siku kadhaa wagonjwa waliulizwa wanajisikiaje. Waliosema hawajapata nafuu walikuwa asilimia 3.8 kwa wenye chombo na 4.3 kwa wasio nacho. Inaelekea upande mzuri, lakini tofauti ni ndogo kiasi kwamba inaweza kuwa ya bahati tu, na watafiti wenyewe wamesema hivyo. Wengi wa wanaofika kliniki ya msingi hupona vyovyote iwavyo, kama binti yangu, na kumpata yule mmoja ambaye alama nyekundu ingemwokoa kunahitaji kuhesabu wagonjwa wengi kuliko hao 39,849. Kazi iliyobaki ni ya simu: kumpigia mama yule baada ya wiki, na mwingine, na mwingine, na kuandika anachojibu akiulizwa mtoto anaendeleaje.